Kabla Hamjashuka Korongoni Hell's Gate

 

Leo nataka kuzungumza na mtu mmoja. Yumo katika kila kundi la vijana wa kanisa, kila chama cha akina mama, kila ofisi na kila darasa linalomaliza kidato cha nne. Ni yule aliyebebeshwa kazi ya kupanga safari. Ndiye anayewakumbusha wenzake watume michango kwa M-Pesa, ndiye anayevutana bei na mwenye matatu, ndiye anayepigiwa simu saa nne usiku kuulizwa kama huko tuendako kuna chai. Mara nyingi hapewi hata ahsante. Na mimi naamini kazi yake ni kubwa kuliko wenzake wanavyodhani, hasa kundi likiamua kwenda mahali pa mawe na magenge.

Nimechagua Hell's Gate, ile mbuga ya kitaifa iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi. Nimeichagua kwa sababu nyumba nyingi za Kenya zina picha ya mtu wa ukoo amesimama mbele ya jabali la huko. Ni mbuga inayoruhusu watu kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya punda milia na twiga, jambo ambalo katika mbuga zetu nyingi haliruhusiwi. Nimeichagua pia kwa sababu watu wamepoteza maisha humo, na mipango ya siku moja kabla ingeweza kuwa na maana kwao.

Kwanza niipe sifa zake, maana inastahili. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1984, na eneo lake ni kilomita za mraba 68 na ushei. Ukiingia kwa lango la Elsa, barabara ya vumbi inakupeleka kati ya kuta mbili za miamba myekundu iliyosimama wima, yenye mistari ya kushuka kama nguzo zilizobananishwa. Huo ni uji wa moto wa volkano uliopoa ukawa jiwe. Upande mmoja kuna jabali limejitenga peke yake, lina urefu wa kama mita 25, linaitwa Mnara wa Fischer, kwa jina la Gustav Fischer, msafiri Mjerumani aliyepita nchi hii mwaka 1883. Wamaasai, waliokuwa hapo muda mrefu kabla ya Fischer, wana simulizi lao: kwamba ni binti aliyekuwa anasindikizwa kwenda kuolewa, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Pimbi wanaota jua kwenye nyufa za jabali hilo, wamezoea watu kiasi kwamba unaweza kuwahesabu masharubu. Inua macho utaona tai weusi na tumbusi wakizunguka juu ya magenge wanakotaga.

Tembea polepole hapo. Ardhi yenyewe bado ina joto. Mbele yako, upande wa Olkaria, mvuke mweupe unapanda kutoka kwenye visima vinavyozalisha umeme tunaotumia majumbani. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Ukipita mahali penye kioo cheusi cha volkano, chukua kipande ukiweke kwenye kiganja. Kinang'aa kama chupa iliyovunjika, na ukingo wake una makali ya kukata ngozi bila nguvu. Watu wa kale wa bonde hili walikitumia kutengeneza visu na vichwa vya mishale. Kitazame, kisha kirudishe palepale ulipokitoa, kwa kuwa kitu chochote cha mbuga hakiruhusiwi kutolewa nje, na wajao nao wana haki ya kukiona.

Sasa tuje korongoni.

Kutoka lango la Elsa hadi kituo cha askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kilicho juu ya korongo ni kama kilomita nane. Hapo ndipo njia inaposhuka kuingia korongo la Ol Njorowa. Unashuka kwa mikono na miguu, unatafuta kwa ncha ya kiatu vijishimo vilivyochakaa kwenye jiwe laini, mwenzako aliye chini anakushikia mguu na kukuambia uuweke wapi. Ukifika chini, joto la barabarani linakatika ghafla. Kuta zinasogeleana, mahali pengine unaweza kugusa zote mbili kwa wakati mmoja. Zimelainishwa, zimezungushwa, zimechongwa mifereji na mabakuli. Maji ya vuguvugu yanachuruzika kutoka ukutani, na mengine ni ya moto wa kuunguza, kwa hiyo usiweke mkono kabla ya kuuliza. Watoto hucheka wakisikia sauti zao zikirudi.

Na hapo chini, msikilizaji, nakuomba ufanye jambo moja. Simama, tazama juu ya kichwa chako, penye ufa wowote ukutani. Utaona vijiti vimenasa, na manyasi makavu yamesokotana. Hayakupandishwa na upepo. Ni maji yaliyoyafikisha pale, juu kuliko urefu wa mtu mzima. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko tunavyolijua leo, na lilipojaa lilimwaga maji yake upande wa kusini, yakapita hapa na kulichimba korongo hili. Ziwa lilirudi nyuma, lakini mfereji ulibaki. Mvua ikinyesha kwenye miteremko iliyo juu, maji yanakuja hapa, kwa sababu hayana njia nyingine.

Aprili mwaka 2012, kundi la vijana wa kanisa waliokuwa matembezini lilikutwa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo hili, na vijana saba wakafa. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019 maji yalikuja tena, yakaua watu saba. Mmoja wao alikuwa mwelekezi, mtu wa hapohapo, aliyelijua korongo kuliko wale aliokuwa akiwaongoza.

Nimeyataja majanga hayo mawili kwa sababu kila moja linatuachia jambo la kupangia. La kwanza lilitokea Aprili, mwezi wa masika, mwezi ambao kila mkulima anajua mvua ipo. La pili lilitokea Septemba, wakati ambao wengi wetu tunauhesabu kuwa wa kiangazi. Maana yake kalenda peke yake haitoshi. Na kufa kwa mwelekezi kunatuambia kwamba kumlipa mwenyeji, ingawa ni lazima na ni busara, hakuwaondolei wenye safari wajibu wa kutazama mawingu.

Mafuriko haya yanatokeaje? Watu husema, "Lakini kwetu jua lilikuwa linawaka." Ndiyo, linaweza kuwaka. Mvua hainyeshi lazima pale ulipo. Inanyesha juu, kwenye miteremko ya majivu ya volkano ambayo mvua kubwa ikiipiga haimezi maji kwa haraka. Maji yanateremka kwenye vijito vikavu, vijito vinaungana, vyote vinaingia kwenye mfereji mmoja mwembamba wenye kuta wima. Pale juu yalikuwa maji ya kufunika vifundo vya miguu; yakibanwa korongoni yanakuwa ukuta wenye matope, mawe na magogo. Aliye chini hasikii mvua, haoni wingu, kwa kuwa anga analoliona ni kipande chembamba juu ya kichwa chake. Na pa kutokea si popote. Pana sehemu chache za kupandia, na kati ya moja na nyingine kuna mwendo.

Kwa hiyo wewe mpangaji, mimi nakwambia uanze kupanga safari hii kutoka mwisho wake. Wengi huanza na saa ya kuondoka, wakafuatia na nauli na chakula, na kurudi wanakuacha kujipange kwenyewe. Geuza. Amua kwanza ni saa ngapi kila mtu atakuwa ametoka korongoni, kisha rudi nyuma ukihesabu.

Tuhesabu pamoja. Katika nchi zetu za bonde, mvua za ghafla hupenda alasiri, baada ya jua kupasha ardhi joto. Basi tuseme saa sita na nusu mchana kila kichwa kiwe juu. Korongo lenyewe, kwa kundi la watu ishirini wenye kusaidiana kushuka na kupanda, na wenye kupiga picha, lipe saa mbili na nusu. Inabidi muanze kushuka saa nne asubuhi. Kilomita nane kwa miguu kutoka langoni, kwa mwendo wa watu wanaosimama kutazama twiga, ni zaidi ya saa mbili; kwa baiskeli ni chini ya hapo. Malango yanafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kama mnatembea kwa miguu, saa moja na nusu mnapaswa kuwa mmeshaingia. Kutoka Nairobi hadi Naivasha gari linachukua kama saa mbili likiwa halijakwama, na ukipita njia ya juu, ile ya Kinale, ukungu wa asubuhi unaweza kulipunguza mwendo. Basi kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri, wala si saa mbili.

Najua utakachoambiwa. Utaambiwa watu wanatoka mbali, wengine Kitengela, wengine Thika, alfajiri hawapati gari. Ni kweli. Basi chagueni: mlale Naivasha usiku wa kuamkia siku hiyo, au mwende muda mnaoweza, mtembee kwenye barabara ya magenge, mpande baiskeli, mle chakula chini ya miamba, na korongo mliache kwa siku nyingine. Hiyo nayo ni safari kamili. Lisilofaa ni kundi lililoondoka mjini saa tatu, likafika langoni saa sita, likaingia korongoni saa tisa huku wingu jeusi limekaa juu ya Mlima Longonot, eti kwa sababu watu wamekwisha kulipa.

Hapo kwenye pesa ndipo penye kishawishi kikubwa. Mtu aliyechanga anataka aone alichochangia. Kwa hiyo liseme jambo hili mapema, kwenye ujumbe uleule unaotaja kiasi cha mchango: tukifika na kituo kikasema korongo limefungwa, au mvua imenyesha usiku, au tukaona wingu upande wa mlima, hatushuki, na hakuna atakayerudishiwa pesa. Aliyeyasoma hayo wiki mbili kabla hatakuja kukugombeza mbele ya watu siku yenyewe. Na askari akisema hapana, msimtafute mwingine atakayesema ndiyo. Korongo limewahi kufungwa kwa wageni, na sehemu zake zinaweza kufungwa wakati wowote, kwa hiyo pigeni simu au ulizeni kabla ya siku ya safari, kisha muulize tena langoni.

Malipo ya kiingilio siku hizi hayapokelewi kwa noti mkononi. Hulipwa kwa njia ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fanya hivyo nyumbani ukiwa na mtandao mzuri, usiwasimamishe watu ishirini langoni huku simu yako inazunguka. Viwango hubadilika, vitazame wiki ileile.

Mizigo sitaizungumzia sana, ila maji lazima niyaseme. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi katika mbuga zetu. Yule aliyezoea kununua katoni ya maji njiani atazuiwa langoni. Kila mtu aje na chupa yake ya kudumu, lita mbili kwa uchache, maana barabara ile haina kivuli na iko juu ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Jua la huko linakausha mtu bila yeye kutoka jasho la kumshtua. Viatu viwe vya kushika jiwe. Raba yenye soli iliyokwisha ni ya hatari kuliko miguu mitupu. Chakula kiwe cha mkononi: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Na kifungwe ndani ya mkoba, kisionekane, kwa sababu nyani wa pale wanaujua mfuko wa chakula kwa mbali na hawaombi.

Nimetaja nyani, nitaje na nyati. Watu hudanganyika kwamba mahali wanapotembea kwa miguu hapana mnyama wa kudhuru. Nyati wamo, na chui wamo ingawa ni nadra kuwaona. Nyati dume aliye peke yake kando ya barabara si wa kusogelewa kwa ajili ya picha. Simameni, kaeni pamoja, mpeni nafasi, msubiri aondoke au mrudi nyuma. Wale wa baiskeli wasikimbie mbele wakawaacha wanaotembea. Kundi likikatika vipande vitatu, hakuna anayejua nani yuko wapi.

Hilo la kujua nani yuko wapi lina umuhimu wake. Kabla ya kuondoka, andika majina yote na namba ya ndugu mmoja wa kila mtu. Nakala moja ibaki nyumbani na mtu asiyesafiri, mtu wa kuaminika, mwambie mtaingia kwa lango gani na mtatoka saa ngapi. Mwambie, "Ikifika saa kumi na mbili jioni hujanisikia, piga simu KWS Naivasha." Nakala nyingine iwe mfukoni mwako, kwenye karatasi, kwa kuwa chini korongoni simu hupoteza mtandao. Hesabu vichwa mnaposhuka, hesabu mnapopanda. Weka mtu mmoja mzima wa moyo awe wa mwisho kabisa, asipitwe na yeyote. Na mtu mwingine abaki juu, si kwa adhabu, bali kwa kazi: atazame anga upande wa mlima na awe karibu na askari wa kituo.

Mwelekezi mchukueni. Vijana wa jamii za Kimaasai wanaowaongoza wageni pale wanajua sehemu za kupandia, na hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza kabla hamjashuka: tukiwa chini na maji yakaja, tunatokea wapi? Akuonyeshe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Swali la pili: jana mvua ilinyesha wapi? Sikiliza anavyojibu. Anayejibu kwa utulivu na kukuonyesha kwa mkono, mfuateni. Anayekuharakisha ili ashuke na kundi lako awahi kundi jingine, tafuteni mwenzake. Na mkiwa chini akisema tokeni, tokeni mara moja, mkoba uachwe, kiatu kiachwe, mjadala uje baadaye. Maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya matope, au mkasikia mngurumo mahali palipokuwa kimya, hakuna cha kungoja amri ya mtu.

Kuna wanaopenda kuunganisha Hell's Gate na Mlima Longonot siku moja, kwa sababu viko jirani. Mimi sipendekezi. Longonot una njia ya zaidi ya kilomita saba kuzunguka ukingo wa shimo lake, na kilele chake kiko mita 2,776. Aliyetoka huko miguu inatetemeka, na miguu inayotetemeka haifai kushuka kwenye jiwe lenye unyevu.

Na wazee wetu, na watoto wadogo, na yule dada mjamzito aliyesema lazima aje? Waje. Barabara ya magenge ni tambarare, gari linapita, na mandhari ya juu yanatosha kumshibisha mtu. Mpangie kila mmoja sehemu yake ya furaha, tena mapema, ili asijione ameachwa nyuma siku yenyewe wakati wenzake wanashuka. Nimeona mama mtu mzima ameketi chini ya Mnara wa Fischer na thermosi yake ya chai, akiwatazama pimbi asubuhi nzima, na aliporudi nyumbani alikuwa na mengi ya kusimulia kuliko waliotambaa korongoni.

Basi wewe uliyebebeshwa kazi hii, unayesikiliza huku orodha ya waliochanga iko mkononi, nina ombi kwako. Leo usiku, kabla hujampigia mwenye matatu, andikia kundi lako ujumbe mmoja. Waambie saa ya kutoka korongoni. Waambie ni nani mwenye neno la mwisho la kusema turudi, na jina hilo litajwe waziwazi, liwe moja. Waambie kwamba akishasema, tunarudi wote. Asiyekubali sharti hilo, mrudishie mchango wake sasa, safari ikiwa bado haijaanza.